Kupiga picha ndani ya ua kwa hadubini: mwongozo kamili kwa maua ya majira ya machipuko

Picha yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa ya krokasi, lile ua dogo la zambarau linalotoboa nyasi hapa Uholanzi kabla baridi ya Februari haijaisha. Nilikaa nalo saa nzima nikapiga picha 80, moja moja, kila mara nikizungusha gurudumu la hadubini kidogo sana ili ukali uhamie sehemu nyingine ya ua. Kompyuta ilipoziunganisha, ua likatoka na stigma (ncha ya kike inayopokea chavua) mbili: moja safi, nyingine kivuli chake pembeni. Nililaumu kamera, nikalaumu meza, nikalaumu tramu inayopita chini ya dirisha. Kumbe kosa lilikuwa la taa. Krokasi hufunguka ikipata joto na kujifunga ikipoa, nami nilikuwa nimeisogezea taa ya mezani karibu kama mtu anayeota moto. Muda wote niliokuwa nikipiga, ua lilikuwa likifunguka.

Ndiyo maana hapa tunaanza na ua, kamera itangoja. Wanaoniuliza habari za picha hizi huanza na "unatumia kamera gani?", na jibu ni kwamba nusu ya picha ninazozipenda nimezipiga kwa simu. Zilizoharibika karibu zote ziliharibika kabla sijagusa simu.

Ukubwa wa ua

Usikimbilie tulipu. Najua, mwezi Machi soko zima limejaa tulipu za bei rahisi, na zinavutia. Lakini piga hesabu kwanza. Kwenye lenzi ya macho ya hadubini nyingi za shule kuna namba ya uwanja, mara nyingi 18. Igawe kwa ukuzaji wa lenzi ya chini, ile inayoelekea ua, utapata upana wa eneo unaloliona kwa milimita. Lenzi ya 4x inakupa milimita 4.5. Ya 10x inakupa milimita 1.8. Ya 40x haifiki hata nusu milimita. Kifuko kimoja cha chavua cha tulipu kinaweza kuzidi sentimita moja, kwa hiyo hata kwa lenzi ndogo kabisa utapiga picha ya ukuta mweusi usiojulikana ni wa nini.

Anza na muskari, kishada cha vikombe vidogo vya bluu ambavyo kila kimoja kinakaribia nusu sentimita tu. Ukikipasua kwa urefu unapata chumba kizima: stameni sita, yaani viungo vya kiume vinavyobeba chavua, zimejibana ukutani, na ovari ya kijani, chumba cha mbegu, imekaa katikati. Ua la myosotis, lile la bluu lenye pete ya njano kooni, nalo ni zuri, ingawa chavua yake ni miongoni mwa ndogo zaidi zinazojulikana, mikromita 5 au 6 hivi, yaani elfu za milimita. Hiyo iache kwa siku nyingine. Na usidharau dandelioni ya kando ya njia. Kila unachodhani ni petali yake ni ua kamili lenye stigma mbili zilizojikunja nyuma kama pembe za kondoo, na chembe za chavua zenye miiba zimenasa juu yake.

Tulipu ina zamu yake: ikate ovari kwa upana, utaona vyumba vitatu, na ndani ya kila chumba ovuli, zile zitakazokuwa mbegu, zimepangwa safu mbili. Piga chumba kimoja, usilazimishe vyote vitatu.

Kwa mazoezi ya miezi ya baridi, wakati nje hakuna ua, ninanunua chungu cha Saintpaulia. Waholanzi wanaliita *Kaaps viooltje*, urujuani wa Rasi, kana kwamba lilitoka Afrika Kusini. Asili ya ua hili ni milima ya Usambara, Tanga. Wajerumani angalau wamekiri kwa kuliita *Usambaraveilchen*. Jina la kisayansi lilitolewa mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa huko. Sifa yake kwa kazi yetu ni uvumilivu. Halinyauki upesi, na vifuko vyake viwili vya chavua ni vya njano kali, vimeshikamana mbele kama midomo.

Maua ya bustani za umma usichume. Chungu cha euro mbili dukani kitakupa maua ya wiki nzima.

Hadubini ipi

Kuna za aina mbili. Ya kwanza ni ya stereo, yenye mirija miwili, ile ambayo mafundi simu wanaitumia kuchomea saketi. Inakuza kidogo, kama mara 7 hadi 45, lakini kati ya lenzi na kitu kuna nafasi ya sentimita kumi hivi. Unaweza kuweka ua zima, taa tatu na vidole vyako. Kama una rafiki fundi simu, mwombe dakika kumi jioni akifunga kazi, kabla hujanunua chochote.

Ya pili ni ya maabara, yenye lenzi za kuzungusha. Hiyo ndiyo ninayoitumia zaidi, kwa lenzi ya 4x na ya 10x tu. Ya 40x inakaa chini ya milimita moja kutoka kwenye kitu, mwanga wa juu hauna pa kupita, tena imeundwa kutazama kupitia kioo chembamba cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Ndiyo maana ubavuni imeandikwa 160/0.17: ya kwanza ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita, ya pili ni unene wa kioo hicho. Ukiielekeza kwenye ua lisilofunikwa utapata ukungu, na huenda ukaichovya kwenye chavua. Mimi nimeshaichovya.

Kulituliza ua

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Weka ua kwenye glasi ya maji ndani ya chumba kilekile utakachopigia, kwa saa moja au zaidi, mbali na dirisha lenye jua na mbali na kifaa cha kupasha joto. Unataka lizoee joto la hapo na limalize kufunguka. Tulipu na krokasi ndizo sumbufu zaidi kwa hili.

Andaa vifaa kabla ya kukata: nyembe mpya, kibano chenye ncha nyembamba, plastisini, tishu yenye maji, brashi laini ya kuchorea, na pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Usipulize kwa mdomo. Mate yanayoruka huonekana kwa 10x kama madimbwi.

Kata kwa kuvuta wembe mara moja, kutoka shingoni mwa ua kuelekea chini, bila kuusukuma. Ukisukuma, seli zinapondeka na ukingo unatoka na rangi ya maji machafu. Wembe ukishapita maua matatu manne, chukua mwingine. Bei yake ni ndogo kuliko saa utakayopoteza. Kwenye muskari mimi hukata pembeni kidogo ya katikati, ovari ibaki nzima na ukuta wa mbele tu uondoke. Utomvu ukitoka, uguse kwa ncha ya tishu mpaka unywewe. Usipanguse.

Funga tishu yenye maji kwenye kikonyo, kisha kizamishe kwenye plastisini juu ya kioo cha slaidi. Geuza ua mpaka sehemu unayoitaka ilale sambamba na meza ya hadubini. Hili la kulaza linaokoa kazi kuliko unavyodhani. Stameni iliyosimama wima ya milimita 2 itakudai picha nyingi mara nne kuliko ileile ikilala na kubaki na nusu milimita ya kina.

Sasa ngoja dakika kumi bila kugusa. Halafu fanya jaribio ambalo lingeniokoa siku ile ya krokasi: washa taa zote, piga picha moja, ngoja dakika tano, piga nyingine bila kugeuza chochote. Zitazame kwenye simu ukizibadilisha haraka haraka. Kama kitu kimesogea, hata unywele, ua halijatulia. Ngoja tena au kata jingine. Ua lililopasuliwa lina kama dakika 15 hadi 20 za uzuri kabla kingo hazijaanza kujikunja, kwa hiyo jaribio lifanye kwenye ua la kwanza, ujifunze tabia yake, kisha piga la pili.

Jambo moja la tahadhari. Utomvu wa tulipu na wa nargisi huwasha ngozi ya watu wengi, vaa glovu. Na kama una paka nyumbani, yungiyungi la bustani (lili, jenasi Lilium, si lile la majini) usiliingize kabisa. Hata chavua yake inaweza kumuua.

Mwanga

Taa ya chini ya hadubini izime. Ndani ya ua kunapigwa kwa mwanga wa juu, na adui wake ni mng'ao. Petali zina ngozi inayong'aa, ovari inang'aa, stigma mara nyingi ina umajimaji. Taa tupu itakuletea madoa meupe ambayo hakuna programu itakayoyarudisha.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kata ukanda wa karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, ukunje uwe mrija wenye kipenyo cha sentimita tatu, usimamishe kuzunguka ua, lenzi iingie kwa juu. Taa zielekeze kwenye ukuta wa mrija kwa nje. Ua litakuwa limekaa ndani ya wingu. Nusu ya mpira wa tenisi ya meza, ukitobolewa tundu juu la kupitisha lenzi, unafanya kazi hiyohiyo kwa ulaini zaidi. Kikombe cha povu nacho kinafaa.

Tumia taa mbili ndogo za LED, moja karibu na nyingine mbali mara mbili. Zikilingana kabisa, ua linakuwa bapa kama stempu. Chukua ya mbali na uizungushe taratibu ukitazama kwenye lenzi. Kuna sehemu moja ambapo vinywele vya stigma vinasimama vyenyewe, na hapo ndipo pa kuiacha. Ya tatu, kama unayo, ipitishe nyuma ya petali. Petali nyembamba ikipata mwanga kwa nyuma inaonyesha mishipa yake yote, na chumba kinajaa rangi ya ua lenyewe. Kwa viola, ua la jamii ya urujuani, hili linavutia sana, kwa sababu seli za juu ya petali yake zimechongoka kama vichuguu, ndizo zinazoipa ile sura ya mahameli.

LED hupoa kuliko balbu za zamani, lakini haziko baridi. Ziwashe unapopanga na unapopiga tu.

Usuli nao unahitaji uamuzi. Kipande cha karatasi nyeusi sentimita mbili chini ya ua kinatosha mara nyingi. Kwa maua meusi meusi weka kijivu.

Kuunganisha kamera

Hapa nitapita haraka. Simu inahitaji kishikizo kinachoibana kwenye lenzi ya macho. Za bei nafuu zipo, chagua yenye skrubu za kusogeza pande zote, maana kazi ngumu ni kuipata katikati. Tumia lenzi kuu ya simu, si ile pana, na ukuze kidogo mpaka duara jeusi lipotee kwenye kona. Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha anaweza kuondoa hadubini kabisa: lenzi ya 4x ya mfumo wa milimita 160 ikifungwa kwenye mirija ya kurefushia, kihisi cha kamera kikiwa milimita 150 kutoka kwenye bega la lenzi (ukingo wake unaokaa kwenye mrija), inatoa picha nzuri kuliko njia ya simu. Ila hapo utahitaji reli ya kusogezea.

Funga kila kitu cha kujiendesha: mwangaza, fokasi, mizani ya weupe. Simu ikiachwa ijiamulie, kila picha itatoka na rangi yake. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe ya chini kabisa. Piga kwa kipima muda cha sekunde mbili au kwa kitufe cha waya wa sikioni, ili kidole kisitikise. Na kama sakafu yako ni ya mbao, subiri wenzako wakalale.

Mrundiko

Lenzi ya hadubini huona ukanda mwembamba tu ukiwa mkali, na juu na chini yake ni ukungu. Kwa lenzi iliyoandikwa 4/0.10 (4 ni ukuzaji, 0.10 ni kipimo cha upana wa mwanga inaoupokea) ukanda huo una unene wa mikromita 55 hivi. Kwa 10/0.25 ni kama 8 au 9. Kwa hiyo tunapiga picha nyingi, kila moja na ukanda wake, kompyuta ichukue penye ukali katika kila moja. Wapenzi wa kazi hii wanasema wanarundika.

Gurudumu dogo la kulengea kwenye hadubini nyingi lina mistari, na kila mstari mara nyingi ni mikromita 2. Soma kitabu cha hadubini yako kwa uhakika. Hatua kati ya picha iwe fupi kuliko ukanda, ili kanda zipandane. Mimi hutumia mikromita 40 kwa 4x, yaani mistari 20, na mikromita 6 kwa 10x, yaani mistari mitatu. Sasa utaona kwa nini nilisisitiza kulaza ua. Kina cha milimita moja ni picha 25 kwa 4x, lakini kwa 10x ni zaidi ya 160, na ua lako lina dakika 20 tu. Kwa 10x chagua kitu chenye kina cha robo milimita: ncha ya stigma, mpasuko wa kifuko unaotoa chavua, ukingo wa petali.

Anza kwa kulenga sehemu ya chini kabisa unayoitaka, huku ukichungulia kwa ubavuni kuhakikisha hakuna stameni inayogusa lenzi. Kisha shusha meza ya hadubini hatua kwa hatua. Kila inaposhuka, ukanda mkali unapanda juu ya ua, na ua linaiacha lenzi badala ya kuifuata. Zungusha upande mmoja tu. Ukipitiliza usirudi nyuma, kwa sababu meno ya ndani yana ulegevu na hatua yako itapotea. Endelea, kisha rudia mrundiko wote kama inabidi. Baada ya kila hatua hesabu moja, mbili, tatu, ndipo upige.

Anza chini kidogo ya unapopataka na umalizie juu kidogo ya unapopataka. Picha kumi za ziada hazigharimu kitu, lakini ncha ya stigma iliyokosekana inaharibu zote.

Ukimaliza, kabla ya kugusa chochote, piga picha ya rula ya milimita kwa lenzi hiyohiyo. Bila hiyo, baada ya mwezi hutajua kama ulipiga kitu cha milimita mbili au nusu.

Kwenye kompyuta

Helicon Focus na Zerene Stacker ndizo zinazotumiwa zaidi, zote za kulipia. Bila malipo kuna Picolay kwa Windows, na zana mbili zinazokuja na Hugin, moja ya kulinganisha picha na nyingine, enfuse, ya kuzichanganya. Programu nyingi hukupa njia zaidi ya moja ya kuunganisha. Ile inayofaa vinywele vilivyopishana huwa inakoleza rangi na chembechembe. Ile inayotunza rangi huacha pete za ukungu kwenye kingo. Mimi hutoa zote mbili, ya pili ikawa msingi, nikapaka vinywele kutoka ya kwanza.

Vumbi litakuwapo. Lisafishe kwa mkono, lakini chembe za chavua zilizoanguka pasipo mahali pake usizifute. Nilizifuta mwaka mzima, ndipo nikagundua kwamba picha zangu zilikuwa zinafanana na maua ya plastiki.

Vya kutafuta ukishaweza

Primula. Chukua maua kutoka mashina tofauti uyapasue. Katika baadhi stigma iko mlangoni na stameni ziko katikati ya koo. Katika mengine ni kinyume chake. Darwin aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1862, kwamba ni njia ya kuhakikisha chavua inakwenda kwa mwenzake wa aina ya pili. Zipige zote mbili kwa 4x, mwanga uleule, uziweke bega kwa bega.

Nargisi. Bana kikonyo, weka tone la utomvu kwenye slaidi, funika kwa kioo chembamba, na safari hii washa taa ya chini na utumie 40x bila woga. Weka kipande cha lenzi ya miwani ya polaroidi, ile miwani ya jua inayokata mng'ao, chini ya slaidi na kingine juu ya lenzi ya macho, kizungushe mpaka uwanja uwe mweusi. Katikati ya weusi zitawaka sindano, mafungu kwa mafungu. Ni fuwele za kalisi oksalati, na zinachangia ule mwasho niliokuonya.

Chavua yenyewe ipige kavu, au kwenye tone la gliserini. Kwenye maji matupu chembe nyingi huvimba na kupasuka mbele ya macho yako. Inafurahisha kutazama, ila haipigiki.

Na kwa aliyeko nyumbani ambako hakuna machipuko ila masika na vuli: asumini ina koo jembamba na stameni mbili tu, yafaa mno kwa 4x. Haibiskasi ina chembe za chavua zinazozidi mikromita 100, duara zenye miiba, unaziona hata kwa lenzi ndogo kabisa. Mvua ikinyesha asubuhi, kata ua kabla ya saa nne, baadaye jua huliwahi.

Krokasi pia unayo, tena jikoni. Zafarani ya biriani ni stigma za krokasi, ndugu wa lile lililonishinda, ila lenyewe huchanua majira ya vuli ya Ulaya. Loweka uzi mmoja kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, uutandaze kwenye slaidi kwa ncha ya pini, uondoe maji yaliyozidi. Ncha yake itafunguka kama tarumbeta, mdomo wake una pindo zilizokunjamana. Huyo hatasogea hata umwekee taa karibu vipi.